Jiko Nililomjengea Dada

Asubuhi ya kwanza dada yangu alipoamka kwangu, kiti chake cha magurudumu kilikwama mlangoni mwa jiko. Alitaka maji ya kunywa tu. Magurudumu yaligonga fremu huku na huku, akarudi nyuma, akajaribu kuingia kwa pembe, yakagonga tena. Nilitoka chumbani nikamkuta ameacha kujaribu, mikono ameiweka mapajani, analiangalia bomba lililokuwa palepale mbele yake.

"Jiko lako linanikataa," alisema.

Nikajipenyeza pembeni mwake, nikamchotea maji. Akayanywa yote, akanirudishia glasi, akajisukuma kinyumenyume hadi sebuleni. Halikuwa jambo kubwa. Lakini kazi yangu ni ubunifu wa ndani ya nyumba; watu huniita ili nyumba zao ziwatii, na kabla sijapiga mswaki nilikuwa nimeshaubomoa ukuta ule kichwani mwangu.

Walikuwa wamemkata mguu wa kulia chini ya goti. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi bila kujua, au alijua bila kusema; kwake yeye hayo mawili hayakupishana sana. Alikuwa akiuza chakula Kabalagala, hapa Kampala, kwenye kibanda nyuma ya mabaa. Asubuhi alipika katogo, ndizi zilizochanganywa na matumbo, kwa walevi ambao hawakuwa wamelala, mchana posho, yaani ugali, na maharagwe kwa mafundi na watu wa boda, jioni supu ya mbuzi kwa walevi walewale wakianza upya. Siku moja kaa la moto lilimwangukia mguuni, katikati ya mikanda ya ndala. Alilipangusa akaendelea kupakua. Kidonda hakikufunga. Niliposikia habari, mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi, na daktari hakuwa na maneno mengi.

Chumba alichopanga kilikuwa bondeni, mtu anashuka kwa ngazi za udongo ambazo mvua huzibadilisha kila wiki. Asingeweza kurudi huko. Nikamleta kwangu, mtaa wa Bugolobi, kwenye fleti za zamani, ghorofa ya chini, mahali ambapo upepo ukitoka upande wa viwanda unanukia kahawa inayokaangwa, na ukitoka upande wa kinamasi inabidi ufunge madirisha.

Sisi ni watoto wa polisi. Baba alitoka kaskazini, mama alitoka Bugisu, upande wa mashariki, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, walipendana kwa Kiswahili cha kambini, wakagombana kwa Kiswahili, wakatuzaa humo. Kampala mtu akikusikia unaongea na dada yako Kiswahili anajua mara moja kwamba hao ni watoto wa barakisi, wa kambi za askari. Wengine husogea mbali kidogo, maana kwao Kiswahili ni lugha ya watu wa bunduki. Tuliishi kwenye kibanda cha bati cha mviringo, vile walivyopewa polisi wenye vyeo vya chini, na mchana kile kibanda kilituoka kama mkate.

Mama alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto, nikiwa na miaka minne, bado nabebwa mgongoni nikichoka. Dada alikuwa darasa la sita. Hakurudi shule. Baba hakumkataza kurudi na hakumwambia arudi. Sufuria ilikuwa pale, na mimi nilikuwa na njaa. Toka siku hiyo alipika. Alimpikia baba hadi baba alipokufa, akanipikia mimi hadi nilipomaliza chuo, na chuo chenyewe nilisomeshwa na mihogo yake ya kukaanga iliyouzwa kwenye lango la kambi. Sikuwahi kumwona ameketi kula na watu. Alikula amesimama, kwenye kifuniko cha sufuria.

Kwa hiyo nilipoamua kulivunja jiko langu sikuona kwamba kuna jambo la kufikiria. Mpishi amepoteza mguu. Mpishi apewe jiko analoweza kufanyia kazi akiwa ameketi. Nani angewaza vingine?

Jiko lenyewe lilikuwa aibu. Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa nimewatengenezea wengine majiko yenye kaunta za graniti na taa zinazowaka ukifungua droo, nikirudi nyumbani napika mayai kwenye saruji iliyopasuka. Fleti ile ilijengwa zamani, na jiko lake lilikuwa jembamba na refu kama korido. Sakafu ilikuwa saruji nyekundu iliyochakaa ikawa ya waridi. Dirisha lilikuwa la vipande vya vioo vinavyolaliana, nusu vikiwa havipo, mahali pao pamezibwa kwa karatasi ya nailoni. Makabati yalikuwa yamevimba kwa unyevu kiasi kwamba ukifunga moja, la jirani yake linafunguka. Nilikuwa nimelizoea. Nilipolitazama kwa kukiwaza kile kiti cha magurudumu niliona nimekaa miaka yote hiyo na kitu kibovu.

Nilimpima dada akiwa ameketi. Nilipima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake, kutoka kwenye kiwiko hadi vidole akinyoosha mkono, na nafasi ya magoti kupita chini ya kaunta.

"Ungependa kaunta iwe wapi?" nilimuuliza. "Hapa, au chini zaidi?"

"Weka unavyotaka."

"Si mimi nitakayeitumia zaidi. Jiko la gesi upande huu au karibu na dirisha?"

"Wewe ndiye umesoma hayo," alisema, macho kwenye televisheni. Kulikuwa na tamthilia ya Kifilipino iliyotafsiriwa kwa Kiganda, na alikuwa akiifuata kama mtu anayefuata kesi mahakamani. Nilimwonyesha michoro. Akasema ni mizuri. Nikajiambia kwamba amechoka, ni dawa, na nikaendelea.

Fundi wangu wa siku nyingi alikuwa Mkongo aliyekuja Kampala kukimbia vita vya kwao, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Siku ya kwanza alimsalimia dada kwa heshima ya huko kwao: "Jambo, yaya." Kwao yaya ni dada mkubwa.

Dada alimgeukia. "Usiniite hivyo. Hapa yaya ni mtu wa kulea watoto wa watu. Hiyo kazi nimeifanya."

Fundi akacheka, mimi nikacheka. Akamwita mama kuanzia hapo.

Kubomoa kulikuwa kubaya kuliko nilivyotarajia. Nyundo ya kwanza ilipoingia kwenye ukuta wa mlango, plasta ilianguka yote kwa pamoja kama ganda la nazi, na nyuma yake matofali yalikuwa yameloa. Bomba la maji machafu la ghorofa za juu lilipita humo, na lilikuwa limeoza. Kwa miaka, maji ya sinki za watu wote walio juu yangu yalikuwa yakichuruzika ndani ya ukuta wa jiko langu. Mende walitoka kwa kundi wakatawanyika hadi sebuleni, wakapita chini ya kiti cha dada. Harufu ilikuwa ya kitu kilichokufa bila kuzikwa. Fundi alifunga kitambaa puani na kuendelea. Dada alikohoa. Nilitundika shuka mvua kati ya jiko na sebule kuzuia vumbi, lakini vumbi la saruji halizuiwi na shuka. Lilikaa kwenye nywele zake, kwenye kikombe chake, kwenye bandeji.

Siku zile tulikula vitu vya kununua. Chapati na mayai kutoka kwa kijana wa kona, chipsi zilizofungwa kwenye karatasi, matoke ya mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi wa viwandani. Nilimwomba radhi kila mlo.

"Vumilia, dada. Ni siku chache tu."

"Mbona hiki ni chakula kizuri," alisema.

Fremu za chuma za kaunta nilizichomeshea Katwe. Nilikwenda mwenyewe, kwa sababu kaunta ya mtu aliyeketi haina makabati chini, lazima isimame kwa miguu yake, na nilitaka kuona inavyounganishwa. Mvua ilikuwa imenyesha, na Katwe ikinyesha maji hayana pa kwenda. Wachomeleaji walikuwa wameinua mashine zao juu ya mapipa ya mafuta, wakingoja huku vipande vya plastiki vikielea kwenye maji meusi. Nilingoja nao. Kazi ikachelewa, ukuta ukabaki wazi, na dada aliendelea kukaa katikati ya vumbi na tamthilia yake.

Lakini liliisha. Bomba lilibadilishwa, vigae vyeupe vikapanda, dirisha kubwa likaingia, na jiko ambalo lilikuwa giza mchana kutwa likajaa mwanga hadi nikasimama mlangoni nimeduwaa kama mgeni. Mlango ulikuwa mpana. Kaunta ilikuwa chini, laini, inazunguka pande tatu, kila kitu kikiwa mahali mkono wa mtu aliyeketi unapofika. Nimefanya kazi za watu wakubwa katika mji huu, na ninasema bila kujisifu kwamba hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya.

Nilinunua nyama ya mbuzi. Nilinunua mboga ya malakwang na mkebe wa simsim iliyosagwa, kile chakula cha upande wa baba alichokipika vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilivipanga juu ya kaunta. Kisha nikaenda sebuleni, nikazima televisheni, nikamsukuma dada hadi ndani. Magurudumu yalipita mlangoni bila kugusa chochote.

Alitazama. Alipitisha kiganja juu ya kaunta kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Alifungua bomba akalifunga. Aliangalia nyama, mboga, mwiko mpya niliouweka pembeni.

"Nani alikwambia nataka kupika?" aliuliza.

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Dada. Umepika maisha yako yote."

"Ndiyo. Sasa ndiyo nakuuliza."

Nilisema kitu kuhusu kumrudishia shughuli yake, kuhusu kutokaa bure. Alinisikiliza hadi nikaishiwa.

"Walipokata mguu," alisema, "niliamka nikalia siku nzima. Halafu nikafikiri, basi, hakuna mtu atakayeniambia nisimame jikoni tena. Nikalala vizuri. Hospitali nzima walikuwa wanapiga kelele, mimi nikalala."

Nilivuta ndoo nikaketi juu yake, kwa sababu katika jiko lile sikuwa nimeweka kiti hata kimoja.

"Unakumbuka msiba wa mama?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Mimi sikumbuki. Sikuwepo."

"Ulikuwepo. Si tulipanda wote lori la polisi?"

"Nilifika. Shangazi yake baba aliniangalia akasema huyu ni mkubwa, akanipa mwiko. Watu walikuwa wengi. Posho ya watu wengi ukiiacha inaungua, unajua. Niko nyuma ya nyumba nasonga, nikasikia wanaimba, nikajua sasa wanamshusha. Nikamwambia mwanamke niliyekuwa nasonga naye, naomba niende nimwone mama. Akasema songa kwanza. Nilipofika walikuwa wanapigapiga udongo kwa majembe."

Nje, kwenye paa la fleti ya jirani, korongo wawili wa jalalani walikuwa wanagombania kitu. Aliwaangalia kidogo kupitia dirisha langu jipya.

"Wewe ulikuwa mgongoni kwa mtu," alisema. "Ulikuwa juu, uliona. Niambie uliona nini."

Katika miaka yote hakuwahi kuniuliza. Nilijaribu. Nilikumbuka viatu vya baba, vile vyeusi vya kazi, vimejaa udongo mwekundu. Nilikumbuka kamba. Nilikumbuka mwanamume mmoja aliingia shimoni kuweka kitu sawa, nikaogopa kwamba watamsahau humo. Nikamwambia hayo yote.

"Shimo lilikuwa refu?"

"Nilikuwa mdogo, dada. Kila kitu kilikuwa kirefu."

"Na sanduku? Rangi gani?"

"Sijui."

"Jaribu."

Nilifumba macho. "Nadhani halikuonekana. Lilifunikwa shuka. Shuka la maua."

"Maua ya njano?"

"Nadhani ya njano."

Alitikisa kichwa taratibu. "Lile shuka nimelitafuta," alisema. "Lilikuwa kitandani kwake, halafu halikuwepo. Nimewaita majirani wezi kwa ajili ya lile shuka. Kumbe alikwenda nalo."

Akageuza kiti, akatoka. Nikasikia televisheni inawashwa.

Mbuzi nilimpika mwenyewe, akaungua. Malakwang ikawa chungu, maana sikujua kwamba majani huchemshwa na maji kumwagwa. Nilipoenda kumuuliza alisema amesahau inavyopikwa, na nilijua hajasahau. Alikula nilichompa bila kulalamika. Hakuingia jikoni tena isipokuwa kunywa maji.

Na mimi, kwa kuwa lazima mtu apike, nilipika nimeinama. Kaunta ilinifikia mapajani. Kila nilipokata kitunguu mgongo ulilia, na nikawa naosha vyombo nimepiga magoti kama mtu anayesali.

Kitu kimoja alichokuwa anakitaka nilikuja kukijua baadaye, siku aliponiomba nimpeleke Kabalagala. Nilidhani anataka kukiona kibanda chake. Hakukitazama hata kidogo tulipopita. Alitaka kuingia kwenye mkahawa ng'ambo ya barabara, ule wenye vitambaa vya meza, ambao kwa miaka aliuona tu akiwa amebeba masufuria. Tuliingia mchana. Mhudumu alikuja, akamwita madam. Dada aliagiza samaki. Samaki alipoletwa alimgusa kwa kidole, akasema amepoa, akamwambia binti amrudishe. Alisema kwa upole kabisa. Alipoletewa mwingine wa moto alikula hadi mifupa, ameketi, mgongo umeegemea kiti, na watu wanapita kumhudumia. Tulirudi pale mara kadhaa. Nikitazama nyuma, siku hizo ndizo nzuri pekee tulizopata, na zilikuwa chache.

Kisha mguu wa kushoto ukaanza. Kidole kidogo kwanza, kikabadilika rangi. Alikificha kwa soksi, na mimi niliyezoea kuona ufa mwembamba kama unywele kwenye ukuta wa mtu sikukiona hadi harufu iliponiamsha. Daktari alisema ukatwe mapema, kabla ya sumu kupanda.

"Nimewapa mmoja," dada alisema. "Huu ni wangu."

Nilimbembeleza. Nilimlilia. Nilimwambia sina mtu mwingine. Aliniangalia kwa huruma, kama alivyokuwa akiniangalia zamani nikikataa kula.

"Wewe unajua kujipikia sasa," alisema. "Vibaya, lakini unajua."

Aliposhindwa kuinuka nikampeleka hospitali, akakaa wodini majuma ya mwisho ya mvua. Homa ilimchukua mbali, ikamrudisha, ikamchukua. Nilimpelekea uji kwenye chupa ya chai kila siku, na kila siku niliumwaga mwingi. Wagonjwa walikuwa wamelala hata sakafuni kati ya vitanda. Kumfikia ilibidi niruke miguu ya watu. Mchana mmoja alifumbua macho akaniuliza kwa Kiswahili kile cha kambini, sauti ya mtoto, kama baba amerudi kutoka zamu. Nilisema bado. Akasema basi chakula kifunikwe. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Alifariki nikiwa nimekwenda kununua chupa ya dripu, na nilipofika muuguzi alikuwa tayari anakunja shuka la kitanda.

Tulimpeleka kaskazini. Wa kwetu waliobaki ni wachache, na siku ile ilikuwa ya jua kali. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hiyo siku.

Nilirudi Bugolobi nikakaa muda bila kufanya kazi. Mteja mmoja alinipigia mara nyingi kuhusu rangi ya mapazia, nikaacha simu ilie. Jikoni niliingia pale tu iliponibidi. Hatimaye maumivu ya mgongo yalinifikisha kwa mtu wa kuchua viungo, naye akaniuliza ninafanya kazi gani, ninainama wapi. Siku iliyofuata nilimwita fundi. Nilimwambia nataka kaunta ziinuliwe, zinifikie kiunoni.

Alikuja na vipande vya chuma begani. Aliingia, akatazama sebuleni mahali kiti kilipokuwa kikikaa.

"Mama iko wapi?" aliuliza. "Sasa yeye atafikia namna gani?"

Sikuwa nimemwambia. Nilidhani nimemwambia; siku zile nilidhani dunia yote inajua.

"Alifariki, fundi. Wakati wa mvua."

Aliweka vyuma chini, kimoja kimoja, visitoe sauti. Alivua kofia. Alisema pole, kisha akasema kitu kingine kwa lugha ya kwao ambacho sikukielewa wala sikuuliza. Alisimama hivyo muda, mtu mrefu katikati ya jiko lenye vitu vifupi.

"Tufanye, ao tuache?" aliuliza mwishowe.

"Tufanye."

Alifanya kazi siku nzima. Aliongeza vipande kwenye kila mguu wa kaunta, akachomelea, akasaga, cheche zikiruka kwenye vigae vyeupe. Rangi ya chuma kipya haikulingana na ile ya zamani. Aliahidi kurudi kupaka, na nilimwambia asihangaike. Alipoondoka nilifagia, nikapanguza, nikafungua dirisha ili harufu ya moshi itoke. Giza lilikuwa halijaingia bado. Niliweka maji motoni, nikamimina unga, nikasonga posho nimesimama wima. Ilitoka na madonge. Nilikula kidogo pale dirishani, na iliyobaki nikaitupa.